Mbwa Asiyeguswa

Nyuma ya nyumba ninayoishi siku hizi kuna uwanja wa shule, na kila jioni mwalimu wa michezo hupuliza filimbi yake kwa nguvu zote, utadhani analipwa kwa pumzi. Kila akipuliza, mimi huacha ninachofanya, hugeuza kichwa, na mate hunijaa kinywani. Mjukuu wangu amekwisha kuligundua jambo hilo na huniigiza mbele ya wageni. Namwacha acheke. Nimechoka kueleza. Na hata ukieleza kwamba ulifundishwa kuitika filimbi pamoja na mbwa, nani atakuona una akili timamu? Lakini ninyi nitawaeleza, maana mmekaa, na mimi leo magoti yananiuma na sina pa kwenda.

Ilikuwa Voi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Kaloleni, Mama na mimi, chumba kimoja cha mabati, na shamba letu lilikuwa bondeni kati ya reli na mto. Nasema mto kwa heshima tu. Sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, na watu walichimba visima humo humo mchangani wakateka maji kwa kata. Udongo wa kule ni mwekundu, na ukishaingia kwenye nguo hautoki. Nina shuka moja ya Mama ambayo imefuliwa miaka yote hii na bado ina rangi ya Voi.

Mama alikuwa mtu wa Werugha, juu kule kwenye ukungu, ambako watu hupanda kabichi kisha wakaenda zao kukamua ng'ombe. Aliteremka tambarare kwa ajili ya ndoa. Baba naye akaenda Mombasa kutafuta kazi, akaitafuta muda mrefu hivi kwamba sisi tuliacha kumsubiri kabla hajaipata. Alituachia koti moja la kaki na suruali moja.

Vitu hivyo viwili vilikuwa na kazi yake. Nyani wa Voi wanamjua mwanamke. Sijui wanamjulia nini, pengine kanga, pengine mwendo, lakini akitokea mwanamume wanakimbia tangu yuko mbali, na akitokea mwanamke wanainua kichwa, wanamtazama, wanaendelea kula. Kwa hiyo Mama alivaa suruali na koti la Baba, akatia na kofia, akawa anazunguka shamba akikohoa kwa sauti nzito. Mwanzoni walikimbia. Kisha siku moja dume kubwa lilimtazama kwa makini, likamtazama tena, likakaa chini likaanza kumenya hindi. Mama alicheka siku hiyo mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mwaka ninaousimulia, mvua za vuli zilipokaribia, Mama alipata kazi ya kuanika katani kwenye shamba la mkonge. Aliondoka alfajiri na kurudi jua likizama, mikono imechanjwachanjwa, nguo zikinuka ule uchachu wa majani ya mkonge yaliyosagwa. Kazi ile hatungeweza kuiacha. Shamba nalo hatungeweza kuliacha, maana nyani hawangoji mahindi yakomae. Wao hufukua hata mbegu, wakifuata mstari kama waliopanda wenyewe. Basi nikatolewa shule. Nilikuwa darasa la tano, mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa bado, na nilikuwa napenda shule kupita kiasi, kwa sababu shuleni kulikuwa na kivuli.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mama kwamba siku shule zitakapofunguliwa Januari, nikionekana, ataniingiza darasa la sita na wenzangu. Nisipoonekana, basi. Mama aliitikia, akashukuru, akatembea nami hadi nyumbani. Tulikuwa tunawajua wasichana walioambiwa "basi" kama hiyo. Mmoja aliuza nyanya kando ya reli akiwa na mtoto mgongoni, na alikuwa amenizidi miaka minne tu.

Ndipo Kunde alipokuja. Alitolewa na jirani yetu wa shambani, Mwakio, seremala, mtu mwembamba mwenye vumbi la mbao masikioni siku zote. Alikuwa mbwa jike, si mtoto tena na si mkubwa bado, mwenye madoadoa ya kahawia yaliyomfanya afanane kabisa na punje za kunde, na jina likaja lenyewe. Mama alimtazama akiwa amesimama mlangoni, hakumgusa.

"Akiijua kazi, utarudi shule," aliniambia. "Asipoijua..."

Alikwenda kulala na viatu miguuni.

Wenye mbwa katika mashamba yale tulikuwa wanne, mimi nikiwemo. Mwakio alikuwa na dume la rangi ya majivu lililoitwa Shauri Yako. Jina hilo alilitoa makusudi, kwa sababu ya nduguye aliyekuwa na shamba lililopakana na lake na ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka. Kila nduguye akipita, Mwakio alimwita mbwa wake kwa sauti ya juu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wa tatu alikuwa Baba Atieno, gadi wa treni za mizigo, mtu mkubwa kutoka upande wa Kisumu aliyecheka kwanza ndipo akasema. Mbwa wake aliitwa Breki, na hakuwa na breki kabisa.

Wa nne alikuwa Bi Mwanaisha. Alikuwa mjane mwenye asili ya pwani, Mwislamu wa kushika dini, na watu wengi walimshangaa kufuga mbwa. Yeye hakushangaa. Dini yake, alisema, imemruhusu mbwa wa kulinda shamba, bali mate yake ndiyo mashaka, na mashaka hayo atayabeba mwenyewe. Hakumruhusu mbwa amguse. Kwenye kona ya shamba aliweka debe la maji na rundo dogo la udongo safi, na siku Breki alipomlamba kisigino, tulimsikia akiosha mguu ule na kuhesabu kwa sauti mpaka saba, huku akimtazama Baba Atieno kwa jicho ambalo lilimfanya yule mtu mkubwa ajifiche nyuma ya Mwakio. Mbwa wake hakuwa na jina. "Nimempa kazi na chakula," alisema. "Jina atalifanyia nini?"

Jumapili, baada ya kanisa, tulimngoja Bi Mwanaisha amalize sala ya alasiri, kisha sote tukateremka mtoni na mbwa wetu. Mchanga ulikuwa bado una joto la mchana, unachoma nyayo ukisimama sana. Pale ndipo tulipokuwa na shule yetu, na sijui nani alikuwa mwalimu na nani mwanafunzi. Baba Atieno alijivika gunia, akaenda kwa miguu na mikono, akabeba mabua mdomoni, akawa nyani. Alikuwa nyani mzuri sana. Alijikuna, alitukana kwa Kijaluo, alinyoosha makalio kule tuliko, mpaka Shauri Yako akasahau kwamba ni mchezo na kumrukia papo hapo penye makalio. Gunia lilichanika. Suruali ilifuata. Hata Bi Mwanaisha, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe lake upande upepo utokako, alijifunika uso kwa kanga na mabega yakamtikisika.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha, na wote tulilijua. Mbwa wa shamba anatakiwa abweke, asimame, asifuate. Dume la nyani hukimbia makusudi, humvuta mbwa mpaka vichakani, kisha humgeukia, na meno yake ni marefu kuliko ya mbwa. Mama yake Kunde alikufa hivyo. Mwakio alimkuta jioni, akamzika, na hakupenda kulizungumzia. Kwa hiyo tulitaka kitu cha kumrudisha mbwa pale anapotaka kufuata, kitu ambacho yeyote kati yetu angeweza kukitumia kwa mbwa yeyote, kwa sababu si kila siku kila mtu yuko shambani.

"Mimi iko na dawa," alisema Baba Atieno.

Jumapili iliyofuata alileta filimbi ya gadi, ya zamani, ya shaba, iliyoning'inia kwenye kamba ya kiatu. Alipuliza, na kila mbwa aliyekuja alilishwa kwa mkono tonge la ugali wa pumba. Mimi nami nilipokuja, kwa kuwa nilikuwa nakimbia na Kunde, alinitia mkononi kipande cha mandazi ya hoteli ya stesheni. Hiyo ndiyo sababu ya mate yangu, sasa mnaelewa. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, na filimbi ile ilikuwa na sukari ndani yake.

Mbwa watatu walijifunza upesi ajabu. Mbwa wa Bi Mwanaisha hakujifunza, kwa sababu mwenyewe alikataa. "Mimi mbwa simlishi kwa mkono," alisema, akabaki kwenye jiwe lake akimwamuru mnyama wake kwa maneno mawili matatu. Tulimwonea huruma kidogo, tukadhani anaachwa nyuma.

Nataka mtutazame vizuri hapa, watu wazima watatu na mtoto mmoja, kando ya reli, mmoja wao ni gadi wa treni. Hakuna aliyefikiri. Majuma yale upepo ulikuwa unazipeleka sauti za stesheni upande mwingine. Kisha ukageuka. Asubuhi moja, mahindi yakiwa yananifika kiunoni na nyani wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa mto wakingoja kama watu wa hospitali, treni ya mizigo ilikuwa tayari kuondoka, na gadi wake, mwenzake Baba Atieno, akapuliza filimbi. Kunde aliinua masikio. Breki alikuwa amekwisha kuondoka. Shauri Yako akafuata, na Kunde nyuma yao, wakavuka mashamba, wakapanda tuta la reli, wakaingia stesheni wakakaa mbele ya gadi, wamejipanga, ndimi nje, wakingoja ugali. Nilisimuliwa na wapagazi. Walisema abiria waliokuwa wakingoja treni yao walidhani wamekuja kumsindikiza mtu.

Mimi nilibaki juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, na kombeo langu. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nyani hawakunitazama hata. Walichokula walikula, walichoacha walikivunja, na shamba pekee ambalo hawakuligusa ni la Bi Mwanaisha, ambako mbwa asiye na jina alisimama mpakani akibweka, hakwenda mbele, hakurudi nyuma.

Baba Atieno aliizika filimbi yake mchangani Jumapili ile, kwa sherehe fupi. Hatukucheka sana. Mwakio ndiye aliyemgeukia Bi Mwanaisha. "Dada, basi tufundishe wewe," alisema.

Akatufundisha. Mbwa ale shambani tu, asile nyumbani. Ale mahali pamoja, kwenye bati lake, na mkono wa mtu usionekane, weka, ondoka, kisha sema "Haya." Akibweka mpakani akasimama, sema "Vyema." Akitaka kufuata, "Basi," mara moja tu, bila kelele. Asilale nyumbani kwako, alale chini ya dungu. Na asishikweshikwe. Hili la mwisho mimi nililisikia nikajifanya sikulisikia.

Lazima niwaambie jinsi tulivyokuwa, mimi na Kunde. Mchana ule wa Voi ni mrefu, joto linakukalia kichwani, na mtoto peke yake juu ya dungu kuanzia asubuhi hadi jioni huanza kusinzia na kuota akiwa macho. Nilikuwa nashuka, nalala kivulini, kichwa changu juu ya tumbo lake. Lilipanda na kushuka. Alinuka vumbi na jua na kitu kingine, kama gunia la nafaka. Nilimweleza mambo yote. Nilimfundisha jedwali la kuzidisha. Mama alikuwa akirudi amechoka mno hata kuuliza nimeshindaje, akila akisinzia, na kwa siku nzima mwili pekee uliogusana na wangu ulikuwa wa mbwa yule.

Kazi aliijua, sitamsingizia. Alibweka, alisimama, hakufuata. Kufikia Krismasi hakuna nyani aliyethubutu kuvuka ua wa mikonge uliozunguka shamba letu nikiwa pale. Mama alianza kutabasamu. Alinishonea sare upya, akaiongeza pindo. Kisha akasema tujaribu: Jumapili ile nisipitie shambani kabisa, niende moja kwa moja kanisani, tuone.

Mhubiri alikuwa katikati ya mahubiri. Nilisikia kucha zikigonga sakafu ya saruji. Kunde alipita katikati ya viti, akinusa huku na huku kwa adabu, akanipata, akakaa juu ya miguu yangu na kushusha pumzi. Watu walicheka, mhubiri mwenyewe akacheka. Mama hakucheka. Aliinuka akatoka, nami nikamfuata, na mbwa akanifuata mimi.

Mistari sita ya mahindi ilikuwa chini, ile mizuri ya karibu na mto. Nilingoja kuchapwa. Afadhali angenichapa. Mama alikaa juu ya tuta, ndani ya gauni lake la kanisani, akakusanya vigunzi vichanga mapajani kama mtu anayechambua mboga.

"Nimechoka, Mghoi," alisema.

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa dume lolote la nyani, maana nilijua kama Mama amechoka, basi mimi ndiye wa kuendelea, na kwamba darasa la sita limekwenda.

Bi Mwanaisha alikuja kutoka kwake, fimbo mkononi. Mwakio naye akaja, na Baba Atieno, ambaye alikuwa ametoka safari usiku kucha na macho yake yalikuwa mekundu. Walisimama pale wakiyatazama mabua yaliyovunjwa.

"Hii mbwa ni mzuri," alisema Baba Atieno. "Lakini anapenda huyu mtoto sana."

"Ndiyo maradhi yake," alisema Bi Mwanaisha. Akanigeukia. "Mwanangu, huyu halindi shamba. Akulinda wewe. Wewe ukiwa kanisani, shamba lake liko kanisani. Wataka kwenda skuli?"

"Nataka, Bi."

"Basi usimguse tena. Tangu leo. Usimlalie, usimpapase, usimsemeshe maneno yasiyokuwa ya kazi. Mwache apende mahali. Na utakapoondoka, usigeuke. Ukigeuka umemwita. Mwenye kugeuka ndiye avunjaye mbwa."

Mama alikuwa bado amekaa juu ya tuta, vigunzi mapajani, akisikiliza.

Majuma yale yaliyobaki sipendi kuyakumbuka, lakini nimeanza nitamaliza. Kunde hakuelewa. Alikuja akaweka kichwa gotini pangu, nami nikaondoa goti. Alikwenda akaleta kijiti, akakiweka mbele yangu, akarudi nyuma, akangoja. Nilitazama mlima wa Sagalla. Nililia sana juu ya dungu, kwa siri, kwa sababu hata kulia kwangu kulimfanya ainuke. Wenzangu hawakuniacha. Mwakio alihamisha meza yake ya useremala akaileta mpakani, akawa anapiga randa pale huku akiniangalia, na mimi nikijificha nyuma ya mikonge alinitolea habari: "Amekaa. Bado amekaa. Sasa anakunusa, rudi nyuma kidogo." Siku nyingine nilikwenda hadi mtoni, nyingine hadi kwenye tangi la reli. Baba Atieno, siku zake za mapumziko, ambazo mkewe alitaka alale, alikuja na gunia lake lililoshonwa makalio, akaiba mahindi mimi nikiwa mbali. Bi Mwanaisha ndiye aliyesema "Vyema" kwa niaba yangu, kwa sauti ile ile kavu, bila kusogea.

Siku ya kufungua shule nilipita shambani asubuhi na mapema. Niliweka bati, nikaondoka, nikasema "Haya." Nilikuwa na sare yenye pindo na viatu vya mpira. Nilianza kutembea. Nilisikia bati likiburutwa, kisha kimya, kisha hatua zake nyuma yangu kwenye majani makavu, zikinifuata mpaka kwenye ua wa mikonge. Hapo zikasimama. Nilijua amesimama, na najua namna alivyosimama, mguu mmoja umeinuliwa, ingawa sikumwona. Sikugeuka. Nilikaza shingo mpaka ikaniuma, na iliendelea kuniuma darasani hadi kengele ya mapumziko. Jioni nilikuta shamba zima, na Mwakio akanionyesha mahali Kunde alipokuwa amelala mchana kutwa, pale pale kwenye ua wa mikonge. Nyasi zilikuwa zimelala.

Hakurudi tena kunijia. Alikuwa mbwa bora kuliko wote bondeni, na nilipopita aliniangalia kama anavyomwangalia yeyote. Ndivyo tulivyotaka.

Nilimaliza darasa la saba nikapata nafasi ya shule ya bweni, juu milimani, karibu na kwao Mama. Nilikwenda na lori la mboga lililokuwa linarudi Werugha tupu, likinuka majani ya kabichi. Wasichana wengine wawili walikuwa wakisafiri nalo, na mama zao walikuwa wakiwashika mikono wakilia, wakiwapa mayai ya kuchemsha kwenye vitambaa. Mama yangu alipandisha sanduku langu, akalifunga kamba. Alikuwa amevaa koti la kaki.

"Blanketi liko chini kabisa," alisema. "Usilichimbue njiani."

Kisha akaondoka. Injini haijawashwa hata. Nilisimama nyuma ya lori nikalitazama koti lile likipita kati ya watu, likapita maduka, likapinda kona. Nilijiambia atageuka kwenye kona. Hakugeuka.

Nililibeba jambo hilo miaka mingi. Sikumwambia. Nilimtunza, nilimletea shuka, nilimjengea jiko, nikawa binti mwema mbele za watu, lakini moyoni nilikuwa na baridi moja ndogo, na kila tulipoagana mimi nami niliagana haraka haraka. Nilijua nimezaliwa na mama mgumu. Wengine wamezaliwa na mama wa mayai ya kuchemsha, mimi wa blanketi.

Alipofariki, tulikaa matanga Kaloleni. Nilikuwa mtu mzima, nimechoka kwa safari na kwa kuamkia watu. Bi Mwanaisha aliletwa akishikwa mkono, haoni vizuri tena. Nilimwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti. Alikaa mkekani karibu nami, wima kama alivyokuwa akikaa juu ya jiwe lake.

"Siku ile ulipokwenda skuli na lori," alisema, "wajua mamako alikwenda wapi?"

"Alirudi nyumbani, Bi."

"Hakurudi nyumbani. Alikuja shambani. Alikaa chini ya dungu, pale ulipokuwa ukilala wewe, akamwita yule mbwa. Mbwa hakujua aje au asije, maana miaka ile hakuna aliyemwita. Kisha akaja. Mamako akamkumbatia na lile koti lake, akalia, akalia, mpaka nyani wakashuka wakaingia shambani na hapana aliyewabwekea."

"Na wewe, Bi? Hukumkataza?"

"Nilichukua fimbo yangu nikenda kuwafukuza nyani," alisema Bi Mwanaisha. "Siku moja haiharibu mbwa."

Nilitoka nje nikanawa uso kwenye pipa, na maji yalikuwa na ule wekundu wa Voi. Kati ya watu wote waliomjua Mama, mimi ndiye niliyepaswa kuelewa tangu siku ile ile. Mimi ndiye niliyepita kwenye ua wa mikonge asubuhi ile bila kugeuka, shingo ikiniuma hadi kengele ya mapumziko.